Mabilioni ya Washington na miji isiyo na wa kuyaomba

Tarehe 15 Novemba 2021, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya miundombinu yenye thamani ya takriban dola trilioni 1.2, ambamo dola bilioni 550 zilikuwa fedha mpya za kutumika ndani ya miaka mitano. Maji safi na maji taka peke yake yalitengewa zaidi ya dola bilioni 50, zikiwemo bilioni 15 za kung'oa mabomba ya madini ya risasi. Miaka hiyo mitano ya fedha inafika ukomo tarehe 30 Septemba 2026, na bado kuna miji ya Marekani ambayo mabomba yake ni yale yale, na kaunti ambazo maji taka yanatiririka uani nyuma ya nyumba. Wapo wanaosema kiasi hakikutosha, na hawakosei: mwaka 2023 Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, EPA, lilikadiria kwamba mifumo ya maji ya kunywa inahitaji dola bilioni 625 kwa miaka 20. Lakini uchache wa fedha hauelezi kwa nini hata zile zilizokuwepo ziliwapita wenye shida kubwa zikawafikia wenye nafuu. Sababu iko katika njia ya kuzipata. Fedha zinazotolewa kwa maombi hupima uwezo wa kuomba kabla hazijapima uhitaji. Serikali inayotaka zifike zinakohitajika haina budi kulipia pia kazi ya kuzitafuta: mhandisi, mhasibu na mwandishi wa andiko la mradi wahesabiwe kuwa sehemu ya mradi, sawa na bomba na pampu.

Tuanze na mwombaji mwenyewe, maana anayesikia habari za Marekani kwa mbali humfikiria New York au Chicago. Nchi hiyo ina serikali za mitaa zaidi ya 90,000, ukihesabu kaunti, miji, vitongoji na wilaya maalumu za maji, shule na zimamoto. Ina mifumo ya maji ya jamii inayokaribia 50,000, na zaidi ya asilimia 90 ya hiyo huhudumia watu wasiozidi 10,000 kila mmoja. Ina mashirika ya umeme ya umma yapatayo 2,000, mengi yakiwa ya miji midogo. Katika ofisi nyingi za namna hii yuko karani mmoja anayepokea malipo ya bili, fundi mmoja anayewasha pampu na kupima klorini, na meya ambaye ana kazi nyingine ya kumlisha. Mhandisi hayupo. Akihitajika, hukodishwa kutoka mji mwingine kwa malipo ya saa. Na mzigo walioubeba si mdogo, kwa sababu Washington ilijitoa pole pole. Sheria ya maji safi ya mwaka 1972 ilileta ruzuku iliyolipia asilimia 75 ya gharama za mitambo ya maji taka. Mwaka 1987 Kongresi iliamua kubadili ruzuku hizo kuwa mifuko ya mikopo ya mzunguko inayosimamiwa na majimbo, na mwaka 1996 mfuko kama huo ukaanzishwa kwa maji ya kunywa. Mwaka 1977 serikali kuu ilikuwa ikibeba zaidi ya asilimia 60 ya uwekezaji wa maji nchini; miongo minne baadaye sehemu yake ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10.

Sasa tufuate ombi moja hatua kwa hatua, kwa sababu ugumu wake hauonekani mpaka mtu ayatazame makaratasi yenyewe. Kabla ya lolote, mji hujisajili katika tovuti ya serikali iitwayo SAM.gov, ukapewa namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Usajili huo lazima uhuishwe kila mwaka. Ukisahauliwa, ombi halipokelewi. Kisha husomwa tangazo la fedha, ambalo mara nyingi ni kitabu kizima cha masharti. Baada ya hapo hutakiwa ripoti ya awali ya mhandisi, upembuzi yakinifu, tathmini ya mazingira, na mara nyingine hesabu ya faida na gharama ambayo hata mchumi hawezi kuimaliza kwa siku moja. Mchango wa mwombaji nao, ambao katika programu nyingi ni robo au moja ya tano ya gharama, lazima uonyeshwe unatoka wapi. Kwa mikopo ya WIFIA, programu ya EPA iliyoundwa mwaka 2014, mkopo haupaswi kuzidi asilimia 49 ya gharama, mradi wa mji mdogo hauna nafasi kama haufiki dola milioni 5, na anayealikwa kuwasilisha ombi kamili hulipa ada ya dola 25,000 ikiwa ni mji mdogo, au 100,000 ikiwa ni mkubwa. Fedha zikipatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza: mishahara ya vibarua hulipwa kwa viwango vya sheria ya mwaka 1931, na mkandarasi huleta karatasi za mishahara kila wiki; chuma na vifaa vya ujenzi lazima viwe vimetengenezwa Marekani; na anayetumia fedha za serikali kuu kupita kiwango fulani kwa mwaka huitisha ukaguzi maalumu wa hesabu. Na fedha zenyewe mara nyingi hurudishwa baada ya kutumika. Mji humlipa mkandarasi kwanza, kisha hudai. Mji wenye akiba ya miezi miwili utamlipa kwa fedha gani?

Kila sharti kati ya hayo lina sababu yake, na nyingi ni nzuri. Yakijumlishwa, hata hivyo, huwa mchujo ambao hakuna aliyeukusudia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mfuko wa mikopo ya maji ya kunywa uligundua kwamba katika miaka 10 iliyotangulia ni takriban asilimia 7 tu ya mifumo iliyostahili ndiyo iliyopata msaada, na kwamba mifumo midogo ilikuwa na nafasi ndogo kuliko mikubwa. Kituo cha Headwaters Economics cha Montana kilichora ramani ya kaunti na jamii za nchi nzima kwa kuangalia mambo kama vile kuwepo kwa watumishi na wataalamu wa mipango, ili kuonyesha ni wapi uwezo wa kutafuta fedha ni mdogo. Kituo hicho hicho kilifuatilia BRIC, programu ya ruzuku za kujikinga na majanga iliyoanza mwaka 2020 chini ya FEMA, wakala wa serikali kuu wa kukabili majanga, kikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha za mashindano ilikwenda kwa majimbo machache ya pwani yenye watumishi wengi na uzoefu wa kuandika maombi. Mafuriko ya milima ya Appalachia na vimbunga vya Ghuba ya Mexico havikuwa vimepungua. Kilichokosekana ni mtu wa kuyageuza mafuriko hayo kuwa jedwali.

Mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni kaunti ya Lowndes, Alabama, katika ukanda uitwao Black Belt. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito usionyonya maji, kwa hiyo tangi la kawaida la maji taka la nyumbani hufeli: mvua ikinyesha, uchafu hurudi ndani ya sinki na beseni la kuogea. Mfumo unaofaa udongo huo hugharimu maelfu mengi ya dola, katika kaunti ambayo wakazi wake wengi ni Weusi wenye kipato cha chini. Kwa miaka mingi familia ziliunganisha bomba la plastiki kutoka chooni hadi kichakani, na jimbo lilihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia huko, ndiye aliyelifanya taifa litazame. Wengi walipotazama waliuona umaskini na ubaguzi, navyo vipo kweli. Lakini kuna jambo la kiutawala ambalo halisemwi vya kutosha. Mifuko ya maji taka imejengwa juu ya dhana kwamba yupo mwombaji: mji, mamlaka, wilaya ya maji taka yenye hesabu zilizokaguliwa. Nyumba iliyo peke yake porini, yenye tangi lake lililofeli, haina mamlaka ya kuiombea. Kwenye orodha ya miradi ya jimbo haimo, wala haiwezi kuingia, hata shida yake ikiwa kubwa kuliko ya wote walioorodheshwa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito: fedha za umma zikitolewa bila mashindano zitapotea, na anayeshindwa kuandika ombi ataweza vipi kusimamia mradi wa mamilioni? Nakubali kwamba usimamizi ni uwezo, na kwamba mji usioweza kutunza hesabu usipewe hundi tupu. Lakini kuandika ombi na kuendesha mtambo wa maji ni stadi mbili tofauti. Fundi aliyeiweka pampu ya mwaka 1968 ikifanya kazi mpaka leo ana ujuzi ambao fomu haiulizi. Isitoshe, mashindano hayaondoi gharama za miji inayoshindwa, huziahirisha tu. Jackson, mji mkuu wa Mississippi, ulipoteza maji mwezi Agosti 2022 baada ya mafuriko ya mto Pearl kuuelemea mtambo wa O.B. Curtis, uliokuwa taabani kwa miaka mingi. Watu wapatao 150,000 walikosa maji salama. Mwezi Desemba mwaka huo Kongresi iliupa mji huo dola milioni 600 kwa sheria ya dharura ya bajeti. Fedha zilipatikana, tena kwa haraka, ila mlango uliofunguka ulikuwa mlango wa maafa. Upo pia mlango wa tatu, wa mbunge mwenye sauti. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2023, zaidi ya nusu ya fedha za kawaida za mifuko ya mikopo ya maji zilichukuliwa na miradi iliyotajwa na wabunge kwa majina. Mji ambao hauna mwandishi wa maandiko, haujapatwa na janga la kuonyeshwa kwenye televisheni, na mbunge wake hakai katika kamati ya bajeti, uombe kwa nani?

Wengine watasema, basi tuache maombi kabisa na tugawe kwa kanuni ya idadi ya watu na uhitaji, kama kaunti za Kenya zinavyogawiwa sehemu ya mapato ya taifa. Marekani ilijaribu. Sheria ya uokoaji ya Machi 2021 iligawa dola bilioni 350 kwa majimbo na serikali za mitaa, na katika hizo bilioni 19.5 zilipita majimboni kwenda kwa miji midogo, kwa jumla ile yenye watu chini ya 50,000. Halmashauri hazikushindana na yeyote. Fedha zilizotambuliwa kuwa fidia ya mapato yaliyopotea, hadi dola milioni 10 bila kuhitaji hesabu ngumu, ziliweza kutumika kwa huduma karibu zote za serikali, maji na maji taka yakiwemo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mgao wa haki kuliko wowote wa kizazi hiki, na napenda mwenendo huo urudiwe. Ila sidhani kwamba kanuni peke yake inatosha. Mpango wa intaneti ya kasi, BEAD, uligawa dola bilioni 42.45 kwa majimbo kwa kanuni, na bado miaka mitatu baada ya sheria kupita hakuna nyumba iliyokuwa imeunganishwa kwa fedha zake, kwa kuwa kila jimbo lilipaswa kuandika mpango, kuupeleka, kurudishiwa na kuuandika upya. Na kanuni haiwi sahihi kuliko takwimu zake: mgao wa fedha za mabomba ya risasi uliipa Florida kiasi kikubwa kwa makadirio kwamba ilikuwa na mabomba zaidi ya milioni moja, na mwaka 2024 mkaguzi mkuu wa EPA akaonyesha kasoro katika takwimu zilizotumika. Nani angezihakiki takwimu hizo mapema? Ni yule yule fundi na yule yule karani, ambao hawakuwa na muda wala msaidizi wa kuchimba mbele ya kila nyumba na kuangalia bomba ni la nini. Hata kanuni inarudi kwenye watu.

Lipo pia pingamizi la wahandisi, nalo nalipa uzito mkubwa kuliko mengine: mifumo midogo imezidi, iungane. Mji wa watu 400 hauna sababu ya kuwa na mtambo wake iwapo mji wa watu 40,000 uko maili tano kutoka hapo. Mara nyingi ni kweli, na California imelichukulia hilo kwa makini. Mwaka 2015 jimbo hilo liliipa bodi yake ya maji mamlaka ya kulazimisha mifumo iliyofeli kuunganishwa na jirani, na mwaka 2019 likaanzisha mfuko wa hadi dola milioni 130 kwa mwaka. Lakini mfuko huo unalipia nini? Unalipia mabomba ya kuunganisha, ndiyo, na pia msaada wa kitaalamu, wasimamizi wa muda na mipango. California iligundua kwamba kuunganisha ni mradi wenyewe: kunahitaji mwanasheria wa kuandika mkataba, mhandisi wa kupima shinikizo la maji, na mtu wa kukaa na wananchi wa pande zote mbili usiku baada ya usiku, upande mmoja ukiogopa deni la mwenzake na mwingine ukiogopa kumezwa. Wanaosema "waungane" bila kutaja nani atalipia mazungumzo hayo hawajakamilisha pendekezo lao.

Kulipia watu wa kuandaa mradi si jambo jipya Marekani, na hapo ndipo ninapopata matumaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, shamba moja kati ya kumi ndilo lililokuwa na umeme, na makampuni binafsi yalisema nyaya za vijijini hazilipi na wakulima hawawezi kuendesha shirika la umeme. Mwezi Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda wakala wa kusambaza umeme vijijini, REA, na mwaka uliofuata Kongresi ikaupa nguvu ya sheria. Wakala huo ulikopesha fedha, lakini haukuziweka Washington ukangoja barua. Ulituma wahandisi na wanasheria mashambani. Uliandika mfano wa sheria ya ushirika wa umeme ambao majimbo yaliweza kuupitisha. Ulichora ramani sanifu za njia za umeme, zenye nguzo zilizoachana zaidi na waya imara zaidi, na gharama ya kila maili ikashuka sana. Mkulima aliyekusanya majirani kwenye jengo la shule hakutakiwa kubuni chochote. Alipewa mchoro, katiba ya ushirika na mtu wa kumwelekeza. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 karibu mashamba yote yalikuwa na umeme, na vyama hivyo vya ushirika, vinavyokaribia 900, vipo mpaka leo. Ukipima faida ya kila dola ya REA, mishahara ya wale wahandisi wa safari ilizaa pengine kuliko riba nafuu yenyewe.

Nitajibiwa kwamba msaada kama huo upo tayari. Upo, na sehemu zake ni nzuri sana. Tangu mwaka 1980 Wizara ya Kilimo imekuwa ikilipia mafundi wanaozunguka kutoka mji hadi mji, wakimsaidia mwendeshaji kutafuta uvujaji, kupanga bei za maji na kujaza fomu za mkopo. Mwezi Agosti 2022 EPA na wizara hiyo walianza kupeleka wataalamu katika jamii 11 zisizo na huduma ya maji taka, Lowndes ikiwemo, wakachukua kazi ya kuandaa mipango na kutafuta fedha badala ya kuwaachia wakazi. Mwaka uliofuata wakatangaza kupanua hadi jamii 150. Mwezi Novemba 2022 EPA ilichagua vituo 29 vya ushauri wa fedha za mazingira kwa dola milioni 150 za miaka mitano. Sasa pima: dola milioni 150 kando ya zaidi ya dola bilioni 50 ni chini ya senti moja kwa kila dola tatu. Na kilichotolewa kidogo kimekuwa rahisi kuondolewa. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Sheria ilifuta makubaliano ya mwaka 2023 yaliyoilazimu Alabama kushughulikia maji taka ya Lowndes. Mwezi huo huo FEMA ikatangaza kuifuta BRIC. Mwezi Julai EPA ilisema watumishi wake wameshuka kutoka 16,155 hadi 12,448. Miongoni mwa walioondoka wamo watu ambao karani wa mji mdogo angewapigia simu kuuliza kipengele fulani kina maana gani.

Kongresi itakapoandika sheria ya kurithi hii ya 2021, napendekeza mambo ambayo hayahitaji ubunifu. Sehemu maalumu ya kila mfuko, tuseme senti tano za kila dola, itengwe kwa maandalizi: upembuzi, michoro, ukaguzi wa hesabu na mshahara wa mtumishi anayehudumia miji kadhaa kwa pamoja. Fomu za programu zinazolipia bomba lile lile ziwe moja, ili mji uandike mara moja na EPA, Wizara ya Kilimo na jimbo wasome nakala hiyo hiyo. Mji ulio chini ya watu 10,000 ulipwe sehemu ya fedha mwanzoni, kabla mkandarasi hajaleta madai. Na pale ambapo hakuna mamlaka ya kuomba, kama katika nyumba za Lowndes, jimbo lenyewe libebe jukumu la kuwa mwombaji, na lisipofanya hivyo, sehemu yake ya mgao ipunguzwe mpaka lifanye.